Kuti la Chini Likigeuka Njano, Weka Panga Chini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu miti ya jamii ya mnazi: minazi yenyewe, mitende, michikichi na ile ya mapambo inayopandwa mbele ya nyumba. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mti umebadilika rangi, nitie mbolea gani? Tumechagua tisa. Kabla ya kusoma majibu, tunamwomba kila mwenye mti aende akautazame kwa makini: dalili ziko kwenye makuti ya chini, ambayo ndiyo yaliyozeeka, au kwenye yale machanga ya juu katikati? Mbolea ya kununua hutegemea hapo kuliko kitu kingine chochote.

Swali: Makuti ya chini ya minazi yangu miwili huanza kwa madoa ya njano, kisha ncha zinakauka. Kijana anayetunza bustani huyakata kila mwezi, lakini yanayofuata nayo hugeuka vilevile. Sasa kila mti umebaki na makuti saba au nane, na shina limeanza kuchongoka kuelekea juu. Nyasi zilizouzunguka natia urea na zimestawi sana. Tatizo ni nini?

Jibu: Miti yako ina njaa ya potasiamu, na ile urea ya nyasi inaizidisha njaa hiyo.

Potasiamu ni kirutubisho kinachohama ndani ya mti. Udongo ukiwa hauna ya kutosha, mti huinyonya kutoka makuti makuukuu na kuipeleka kwenye machanga. Kwa hiyo kuti la chini lenye njano si takataka, bado ni ghala linalotumika. Ukilikata, mti hulazimika kuanza kunyonya kuti la juu yake mapema kuliko ulivyopaswa. Ndiyo maana kila mkikata, yanayofuata yanageuka. Panga halikuondoa ugonjwa, liliupandisha ngazi moja.

Kuhakikisha, lishike kuti la chini ulitazame likiwa limeelekezwa kwenye mwanga. Madoa ya njano au ya rangi ya chungwa yanayopitisha mwanga, kingo zilizokauka za vijani, yaani vipande vyembamba vinavyounda kuti, na hali iliyo mbaya zaidi kwenye ncha kuliko karibu na shina, hizo ndizo alama za kukosa potasiamu. Naitrojeni ya urea huharakisha makuti mapya kutoka, na kila kuti jipya hudai potasiamu yake. Mti unakuzwa haraka kwa chakula usichokuwa nacho.

Kuchongoka kwa shina ndiko kunakotutia wasiwasi. Shina la mnazi haliongezeki unene mwaka hadi mwaka kama la mwembe. Sehemu iliyotoka nyembamba itabaki nyembamba, hata mti ukipona na kuendelea kwa unene wa kawaida juu yake. Njaa ikiendelea, kilele hufa na mti umekwisha.

Fanya hivi kuanzia sasa. Usikate kuti lolote ambalo halijakauka lote likawa la kahawia. Acha kutia urea au mbolea ya nyasi ndani ya mita 9 hadi 10 kutoka kwenye shina, kwa sababu mizizi ya mnazi hufika mbali kuliko kivuli chake. Anza mbolea tunayoieleza katika jibu linalofuata. Na uwe na subira ya kweli: kuti lililokwisha kupata madoa halirudi kijani kamwe. Mnazi uliokomaa hutoa kuti jipya moja hivi kwa mwezi, na taji lenye afya hubeba karibu 30. Utaona nafuu mwaka wa kwanza, lakini taji kujaa ni kazi ya miaka miwili hadi mitatu.

Swali: Ni mbolea ipi hasa, kiasi gani, na inamwagwa wapi? Dukani nimeuziwa mfuko wenye namba 17-17-17.

Jibu: Namba tatu za mfukoni ni asilimia ya naitrojeni, fosfati (fosforasi ya mbolea) na potashi (potasiamu ya mbolea), kwa mpangilio huo. Miti hii huhitaji potashi nyingi kuliko naitrojeni, fosfati kidogo sana, na magnesiamu ambayo mara nyingi huandikwa kama namba ya nne. Mchanganyiko uliothibitika vizuri kwa udongo wa kichanga ni 8-2-12 wenye magnesiamu 4, pamoja na manganizi, chuma na boroni kwa kiasi kidogo. Ule wa 17-17-17 una fosfati nyingi isiyohitajika, na hauna magnesiamu.

Jambo la pili ni kasi ya kuyeyuka. Soma maandishi ya mfuko uone kama potasiamu na magnesiamu nazo zinatoka taratibu. Mifuko mingi hufunika naitrojeni peke yake kwa utando wa kuichelewesha, na potasiamu ikaachwa iyeyuke kwa mvua moja. Matokeo yake mti hupata naitrojeni miezi mitatu na potasiamu wiki mbili, na unarudi kwenye shida ya barua iliyotangulia ukiwa umelipia mbolea ghali.

Kipimo ni gramu 75 kwa kila mita ya mraba chini ya mwavuli wa makuti, kila baada ya miezi mitatu. Pima kutoka shinani hadi ncha za makuti. Zikiwa mita 2, zidisha 2 kwa 2 kwa 3.14, utapata kama mita za mraba 12.6, yaani mbolea ya karibu kilo moja. Kama uliyo nayo ni ya kuyeyuka haraka, gawa: gramu 25 kwa mita ya mraba kila mwezi, udongo ukiwa na unyevu. Udongo wa mfinyanzi wenye rutuba hushika virutubisho vizuri zaidi, hivyo unaweza kupunguza mizunguko ukitazama mti unavyoitikia.

Usipopata mchanganyiko huo kabisa, gramu 20 za salfeti ya potasiamu kwa mita ya mraba hubeba potasiamu karibu sawa na gramu 75 za mbolea ile. Ongeza gramu 10 za salfeti ya magnesiamu, kwa sababu potasiamu ikizidi peke yake huuzuia mti kuchukua magnesiamu. Hizi nazo zikiwa za kuyeyuka haraka, zigawe mara tatu ndani ya miezi mitatu.

Mwaga sawasawa eneo lote chini ya mwavuli, ukianzia sentimita 30 kutoka shinani, kisha mwagilia. Usirundike pete ya mbolea kuzunguka shina, na usichimbe mashimo ya kufukia mbolea. Chumvi za mbolea zikiwa nyingi mahali pamoja huunguza mizizi iliyopo hapo, huku mingine mamia ikibaki haina kitu. Punje zilizoangukia katikati ya makuti mafupi zipukute, zinaunguza kilele.

Swali: Mti wangu una kasoro tofauti. Makuti ya chini ni ya kijani safi, ila mapya yanatoka madogo, dhaifu, yamekunjamana kama yaliyoungua. Kila jipya ni baya kuliko lililotangulia.

Jibu: Dalili zikianzia juu, tunatafuta kirutubisho kisichohama. Mti hauwezi kukitoa kwenye kuti kuukuu, kwa hiyo kuti changa ndilo hulia kwanza. Wanaoshukiwa ni wawili, manganizi na boroni, na dawa zao hazifanani hata kidogo. Usitie chochote kabla hujawatofautisha.

Kwa manganizi, vijani vya kuti jipya huwa na michirizi iliyokauka, hunyauka, na huharibika zaidi karibu na shina kuliko kwenye ncha ya kuti. Hali hii hupatikana sana kwenye udongo wenye chokaa, kwa mfano penye matumbawe au kifusi cha saruji kilichobaki baada ya ujenzi, kwa sababu chokaa huyafunga manganizi yaliyomo ardhini. Baridi nayo husababisha hali hiyo kwa muda, kisha mti hujirekebisha joto likirudi. Ikidumu huua, kwa hiyo usingoje. Tawanya salfeti ya manganizi chini ya mwavuli: gramu 200 hadi 250 kwa mti mdogo, na kwa mkubwa uliopo kwenye udongo wa chokaa huweza kufika kilo 2 au zaidi. Unaweza pia kunyunyizia makuti kwa gramu 3 hadi 4 katika lita moja ya maji, ingawa hiyo ni nyongeza tu ya kutia ardhini. Makuti yaliyokwisha kuumbwa ndani ya kilele yatatoka yakiwa mabovu, hivyo usirudie dozi kabla ya miezi miwili au mitatu, na matokeo yapime baada ya miezi sita. Dukani soma jina mara mbili. Magnesiamu si manganizi, na kosa hilo hupoteza nusu mwaka.

Kwa boroni, vijani huwa vigumu na ncha zake hujipinda kama ndoana, kuti jipya hushindwa kufunguka, na pengine kilele chote huinama upande mmoja. Boroni huoshwa upesi na mvua kubwa, na mti huikosa pia kiangazi kikali. Yeyusha gramu 60 hadi 110 za boraksi, chumvi yenye boroni, katika lita 20 za maji, umwagie chini ya mwavuli wa mti mmoja mkubwa. Usirudie kabla ya miezi mitano. Tunasisitiza hapa kuliko popote: kati ya boroni inayotosha na boroni yenye sumu kuna nafasi ndogo sana, na mtu anayerudia dozi kwa sababu haoni mabadiliko baada ya wiki tatu huua mti aliotaka kuuokoa.

Swali: Majirani wananishauri vitu vitatu: majivu ya kuni, chumvi ya Epsom, na chumvi ya jikoni. Kuna ukweli wowote?

Jibu: Kila kimoja kina ukweli wa nusu. Majivu yana potasiamu, lakini pia hufanya kazi kama chokaa. Kwenye udongo mchachu, kiasi kidogo kinafaa. Kwenye udongo wa chokaa unaharakisha ule ukosefu wa manganizi tuliousema.

Chumvi ya Epsom ni salfeti ya magnesiamu, basi. Inafaa iwapo kuti la chini lina mkanda mpana wa njano pembeni huku katikati, kando ya uti wake, pamebaki kijani kizito. Mitende hupata sana hali hiyo. Huo ni ukosefu wa magnesiamu: hauui mti, unaharibu sura tu. Lakini ukiitia kwenye mti wenye njaa ya potasiamu unaongeza njaa hiyo, kwa kuwa viwili hivi hushindana kuingia mzizini. Tena huyeyuka na kuondoka upesi, hivyo kieserite, ambayo pia ni salfeti ya magnesiamu lakini huyeyuka polepole, ni bora kwa udongo wa kichanga.

Chumvi ya jikoni ina klorini, na mnazi kweli hutumia klorini nyingi kuliko mimea mingi. Wakulima wa minazi Ufilipino huitumia. Ila bustani ya nyumbani si shamba la minazi: sodiamu huuharibu udongo wa mfinyanzi, na maua, nyasi na hata aina nyingine za jamii hii zilizo jirani haziivumilii. Kloridi ya potasiamu huupa mnazi klorini na potasiamu kwa pamoja bila madhara ya sodiamu. Itumie hiyo kwa mnazi.

Swali: Nimenunua mti wenye shina la mita mbili hivi. Shimo lichimbwe kina gani, na nitie mbolea kiasi gani humo?

Jibu: Mbolea shimoni, usitie kabisa. Mizizi iliyokatwa haiwezi kula, na chumvi itaiunguza mipya inapochomoza. Ngoja uone mti umetoa kuti jipya lote, ndipo uanze kumwaga juu ya ardhi. Samadi ikitumika, iwe imeoza kabisa na ichanganywe kidogo tu. Udongo uliotoka shimoni, ukiwa umepondwa mabonge, ndio unaofaa kurudishwa.

Kina ni sawa na kimo cha bonge la mizizi, hata sentimita moja zaidi hapana. Upana uwe mara mbili ya bonge. Miti hii huotesha mizizi mipya kutoka kwenye kitako cha shina, na mizizi hiyo huhitaji hewa. Ukiuzika shina sentimita 20 ili usiyumbe, mti unaweza kuishi miaka kadhaa ukidhoofika, makuti mapya yakiwa na njano ya kukosa chuma, na wewe ukimwaga chuma bila mafanikio kwa sababu chuma kipo, mizizi ndiyo haipumui. Ukikutana na mti wa namna hiyo, fukua udongo hadi kwenye kitako. Huenda ukawa umemaliza ugonjwa bila dawa.

Kuuzuia usiyumbe, funga vipande vitatu au vinne vifupi vya mbao kuzunguka shina kwa mkanda, chini yake ukiwa umeviringisha gunia, kisha pigilia mihimili kwenye vipande hivyo. Msumari usiguse shina: jeraha la mti huu halizibi, linabaki mlango wa kuvu na wadudu maisha yote. Mwagilia kila siku wiki mbili au tatu za kwanza, kisha punguza polepole kwa miezi minne hadi sita. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yakiwa mbali na shina. Wakati mzuri wa kupanda ni msimu wa joto, kwani mizizi husinzia udongo ukiwa wa baridi.

Swali: Fundi anasema tukikata makuti yote tubakishe matatu ya juu, mti utakua haraka na hautaangushwa na upepo.

Jibu: Mwambie asikate. Mti uliobakizwa makuti machache hauna cha kuutengenezea chakula, na yale ya kilele yakikosa wenzao wa kuyakinga hukatika kirahisi zaidi upepo ukivuma. Kata yaliyokauka, makarara na vikole usivyovitaka, na yanayogusa paa au njia. Iwapo ni lazima ukate ya kijani, ishia kwenye mstari wa usawa: kuti linaloelekea juu ya mstari huo lisiguswe.

Msumeno usafishwe kila mnapohamia mti mwingine, hasa kwenye mitende, maana mnyauko wa Fusarium, ugonjwa wa kuvu, husafiri kwenye meno yake na hauna tiba. Ulowekwe dakika 10 katika sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na sehemu 3 za maji, kisha usuuzwe usije kula kutu. Na mpandaji atumie ngazi. Viatu vya miiba huacha matundu yasiyofunga.

Swali: Kuti la katikati, lile ambalo bado halijafunguka, limenyauka. Nimelivuta kidogo likatoka lote, mwisho wake umeoza na unanuka. Mti umekwisha?

Jibu: Pengine. Mti wa shina moja una kilele kimoja tu cha kukulia, na hakuna tawi la kuchukua nafasi yake. Lakini usiung'oe leo. Makuti ya kijani yaliyobaki yanaweza kuishi miezi mingi bila kilele, kwa hiyo hayo si ushahidi. Kinachoamua ni kuti jipya kutoka. Likichomoza ndani ya miezi michache, hata likiwa limekatika nusu, kilele ki hai.

Chunguza chanzo. Pasipo na tundu, mara nyingi ni kuoza kwa kilele kunakoletwa na Phytophthora, kimelea kinachopenda maji. Elekeza kinyunyizio chini, maji yasiingie kileleni, na miti ya jirani ikingwe kwa dawa ya kuvu yenye shaba. Kama kuna tundu la ukubwa wa kidole lenye nyuzi zilizotafunwa, au makuti yaliyofunguka yana mikato ya pembetatu inayolingana pande mbili, huyo ni chonga, mbawakawa mkubwa anayetoboa kilele. Mtoe kwa waya wenye ncha ya ndoana. Kisha tafuta anapozalia: funza wake hukua ndani ya mashina ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Hayo yasipoondolewa, utatoa chonga kila wiki. Usilichukulie tundu hilo kama dogo, kwani fukusi wa minazi, mdudu mwingine, hutaga mayai kwenye majeraha kama hayo, na funza wake hula shina kwa ndani bila kuonekana.

Swali: Nina mti mmoja wa jamii hii kwenye chungu, ndani ya nyumba. Ncha zote ni za kahawia.

Jibu: Kwa kawaida ni chumvi za mbolea na za maji ya bomba zilizojikusanya. Upeleke nje kivulini, mwagia maji mengi hadi yatiririke chini, ngoja nusu saa, rudia mara mbili. Chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji. Mbolea ya chungu ni hadithi tofauti na ya ardhini: hapa naitrojeni ndiyo hukosekana kwanza, hivyo mchanganyiko wenye naitrojeni kiasi unafaa, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, na usiwe na superfosfati, mbolea ya fosfati ambayo huja na floraidi inayochoma ncha. Ncha zilizokauka zikate kwa mkasi ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani, zitakauka upya.

Swali: Kwenye kitako cha mchikichi pameota uyoga mgumu, juu kahawia unaong'aa, chini mweupe. Niukwangue nipake dawa?

Jibu: Ukwangue uutie kwenye mfuko uutupe, ili mbegu zake zisisambae, lakini hakuna dawa ya kupaka itakayosaidia. Huo ni Ganoderma, kuvu anayeozesha shina kwa ndani katika mita moja na nusu ya chini. Uyoga unapoonekana nje, mbao ya ndani imekwisha kuharibika kwa kiasi kikubwa, na mti unaweza kuanguka ukiwa bado na makuti ya kijani. Kama uko karibu na nyumba, njia au mahali watoto wanapocheza, uangushwe mapema na mtu mwenye vifaa, kisiki na mizizi viondolewe kadiri inavyowezekana. Usipande tena mti wa jamii ya mnazi mahali hapo, kwa maana kuvu hubaki ardhini. Mti wa jamii nyingine, wenye mbao ya kawaida, unaweza kuwekwa bila hofu hiyo.